Lugha Iliyofungiwa Sandukuni

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeitungia insha, tumeifafanua katika mitihani na hatimaye tumewafundisha wengine waikariri vivyo hivyo. Hata hivyo, wahenga hawakutuachia neno kuhusu mtu ambaye hakuiacha asili yake kwa hiari, bali aliambiwa na mwalimu wake, mbele ya wenzake, kwamba asili hiyo haina thamani. Je, huyo naye tumwite mtumwa? Na mwalimu wake tumwite nani? Maswali haya hayakunijia nikiwa nyumbani Kenya. Yalinijia ugenini, katika jiko la bweni moja la wanafunzi mjini Köln, Ujerumani, nilipokuwa nikiwasikiliza vijana wenye asili ya Uturuki waliokuwa wakisomea ualimu.

Mwaka 2015 nilijaliwa kupata nafasi ya kusoma mihula miwili mjini humo. Jirani yangu katika bweni alikuwa binti aliyezaliwa papo hapo Köln, mjukuu wa mzee aliyeondoka Trabzon, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, katika miaka ya 1960 akaja kuajiriwa katika kiwanda cha magari cha Ford. Kila asubuhi binti huyu alipanda garimoshi kwenda Essen, katika Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen, ambako Kituruki hufundishwa kama somo la ualimu. Aliniita ‘abi’, neno ambalo Waturuki humwitia kaka mkubwa, nami nikamwita dada. Tulizungumza Kijerumani, lugha ambayo kwake ilikuwa ya kuzaliwa nayo na kwangu ilikuwa ya kubahatisha.

Jioni moja alinijia jikoni na karatasi iliyokuwa na sentensi moja tu yenye mapengo mawili: “Kituruki ni kama … kwa sababu …” Alinieleza kuwa watafiti wa elimu nchini Uturuki hupenda kutumia njia hii ili kuchunguza jinsi mtu anavyoliona jambo. Badala ya kumuuliza mwalimu mwanagenzi anaionaje lugha yake, humtaka aitafutie kifananisho. Maoni huweza kuwa ya kujipendekeza. Kifananisho aghalabu humtoka mtu kabla hajajizuia. Siku hiyo wenzake watatu walikuwa wamekuja kusoma naye. Chai ilimiminwa katika bilauri ndogo zenye kiuno chembamba, nao wakainamia karatasi zao.

Kabla sijasimulia walichokiandika, yafaa nimweleze msomaji jinsi Kituruki kilivyofika Ujerumani. Tarehe 30 Oktoba 1961, Ujerumani Magharibi na Uturuki ziliafikiana kuhusu uajiri wa wafanyakazi. Viwanda na migodi ya Ujerumani ilikuwa na uhaba wa mikono, ilhali vijiji vya Anatolia vilikuwa na vijana wengi waliotafuta riziki. Wajerumani waliwaita wafanyakazi-wageni. Sisi husema kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walikabidhiwa jembe siku ya kwanza, nao hawakutarajiwa kukaa hadi mavuno. Uajiri huo ulisitishwa Novemba 1973, lakini wengi waliokuwa wamekwisha kufika hawakurudi. Waliwaita wake, waume na watoto wao. Leo watu wenye asili ya Uturuki nchini humo wanakadiriwa kuwa milioni tatu hivi.

Watoto wao walipoingia shuleni, suala la lugha likazuka. Ujerumani ni nchi ya majimbo, na kila jimbo hujiamulia mambo ya elimu. Jimbo la Baden-Württemberg liliyaachia mafunzo ya Kituruki mikononi mwa ubalozi mdogo wa Uturuki. Jimbo la Nordrhein-Westfalen, ambamo mna miji ya Köln, Essen na Duisburg, liliyaweka chini ya serikali ya jimbo lenyewe. Kwa muda mrefu walimu wengi wa somo hili walikuwa watu waliolelewa na kusomea Uturuki. Walikijua barabara Kituruki cha vitabuni, lakini mtoto wa Duisburg hawakumjua. Ndiposa katika miaka ya 1990 mafunzo ya ualimu wa Kituruki yakaanzishwa Essen, na polepole darasa likaanza kupata mwalimu ambaye naye aliwahi kuketi kwenye dawati lile lile, akiwa na lugha mbili kinywani. Hawa ndio walimu wanagenzi niliokuwa nao jikoni.

Wa kwanza kusoma jibu lake alisema kuwa Kituruki ni kama daraja kwa sababu huunganisha tamaduni mbili. Wenzake waliangua kicheko. “Hilo ni jibu la mtihani,” dada yangu akamwambia. “Andika la kweli.” Kijana akakikata alichokiandika, akafikiri kitambo, kisha akaandika kuwa Kituruki ni kama ufunguo wa nyumba ya babu kijijini: yeye hulala humo wiki nne kila kiangazi, lakini ufunguo huo huwa mfukoni mwake mwaka mzima.

Dada yangu aliandika kuwa Kituruki ni kama sanduku la nyanya yake. Ndilo sanduku alilokuja nalo kutoka Trabzon. Kila kitu chao cha thamani kimo ndani: picha, vitambaa vya kudarizi, hati za shamba. “Lakini wageni wanapokuja,” akasema, “tunalisukuma chini ya kitanda. Naona haya kulifungua mbele ya watu.”

Nilimuuliza watu gani. Alinitajia makundi mawili, nami nikaelewa kuwa lugha yake ilikuwa imeshtakiwa katika mahakama mbili na kuhukumiwa kote.

Mahakama ya kwanza ilikuwa shule ya Ujerumani. Mtoto wa profesa akisema Kijerumani na Kifaransa nyumbani, walimu humwambia mama yake kuwa amebarikiwa. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani akisema Kijerumani na Kituruki, mama yake huitwa shuleni kwa ajili ya tatizo. Kitendo ni kile kile; tofauti ni bei ya lugha sokoni. Mwaka 2006 kulizuka mjadala mkali nchini humo kuhusu shule moja ya Berlin ambayo kanuni zake ziliwataka wanafunzi kusema Kijerumani pekee, hata uwanjani wakati wa mapumziko. Wapo waliosifu na wapo waliolaani. Dada yangu alikuwa mtoto wakati huo, naye aliyakumbuka mabishano hayo kwa sababu yaliingia sebuleni kwao kupitia runinga, na baba yake akazima.

Mahakama ya pili ilikuwa Uturuki yenyewe. Kila kiangazi walipokwenda kuwaona jamaa, walikuta jina linawangoja: ‘Almancı’, yaani wale wa Ujerumani. Muuza duka alimsikia akitamka sentensi mbili, akatabasamu, akamuuliza anatoka mji gani wa Ujerumani. Wazee wake walikuwa wameondoka na lahaja ya Bahari Nyeusi. Mahali ambapo Kituruki sanifu husema ‘geliyorum’, yaani ninakuja, nyanya yake huligeuza neno hilo likaanza kwa sauti inayokaribia j yetu. Binamu zake wa mjini walimcheka kwa matamshi hayo. Hivyo nchi moja ilimwambia kuwa lugha yake ni nyingi mno, na nyingine ikamwambia kuwa ni chache mno.

Wanaisimu nao hawakukosa kutia kuni motoni. Mwaka 1968 Msweden Nils Erik Hansegård alichapisha kitabu kilichoieneza dhana kwamba mtoto mwenye lugha mbili anaweza kuishia kuwa na nusu mbili, asiwe na hata lugha moja kamili. Dhana hiyo ilienea Ulaya, na ingawa wanaisimu wengi wameikosoa na kuikataa tangu hapo, katika vyumba vya walimu ingali hai. Waturuki wana methali isemayo kinyume chake: lugha moja ni mtu mmoja, lugha mbili ni watu wawili. Dada yangu aliijua methali hiyo tangu utotoni. Alisema kuwa yeye hakuwahi kujihisi watu wawili. Alijihisi robo tatu ya mtu.

Kwa bahati, mimi nilikuwa mgeni wa lugha yake, na mgeni huona yale ambayo mwenyeji ameyazoea. Nilimwomba anifundishe Kituruki kidogo, na katika juma la kwanza nikashangaa kupita kiasi. ‘Kitap’ ni kitabu. ‘Kalem’ ni kalamu. ‘Dünya’ ni dunia, ‘haber’ ni habari, ‘hesap’ ni hesabu, ‘lazım’ ni lazima. Kiarabu kilikuwa kimepita kwa jirani zake kabla ya kupita kwetu, kikaacha mizigo ile ile katika nyumba zote mbili. Nikamwambia kuwa kwetu askari polisi huitwa ‘afande’, na kwamba neno hilo linatokana na ‘efendi’ la Kituruki, lililofika Afrika Mashariki kupitia majeshi ya Misri na Sudan. Zaidi ya hayo, maaskari wa Kisudani walipoandikwa katika jeshi la Wajerumani huku kwetu mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na vyeo vyao vya Kituruki, kama vile ‘ombasha’ na ‘shaushi’. Kumbe Kituruki na Kijerumani viliwahi kupiga gwaride pamoja Tanganyika, miongo mingi kabla ya babu yake kufika Köln! Alicheka hadi machozi yakamtoka.

Kilichonivutia zaidi ni sarufi. Kituruki, kama Kiswahili, ni lugha ambishi bainishi. Neno ‘evlerimizden’ hugawika hivi: ‘ev’ ni nyumba, ‘ler’ ni wingi, ‘imiz’ ni -etu, ‘den’ ni kutoka. Kutoka katika nyumba zetu: maneno manne ya Kiswahili ndani ya neno moja. Wao hupachika nyuma mengi ya yale ambayo sisi huyapachika mbele. Tena wana ulinganifu wa irabu. Wingi wa ‘ev’ ni ‘evler’, lakini wingi wa ‘okul’, yaani shule, ni ‘okullar’, kwa kuwa irabu ya mzizi ndiyo inayoamua irabu ya kiambishi. Msomaji atakumbuka kuwa nasi katika kauli ya kutendea husema ‘pikia’ lakini ‘somea’, kwa sababu iyo hiyo. Isitoshe, kiwakilishi chao ‘o’, mfano wa ‘yeye’ wetu, hakibagui mume na mke, jambo ambalo Kijerumani hakina subira nalo.

Dada yangu alikuwa amejifunza haya yote Essen, lakini kama mada za mtihani. Alipomwona mtu wa lugha nyingine akihangaika kwa furaha na viambishi vya nyanya yake, alininyamazia kwa muda. Kisha akasema kuwa hakuna mtu aliyewahi kumwonea wivu kwa Kituruki chake.

Jumapili moja alinipeleka kwa nyanya huyo. Ajuza alinipokea kwa neno ‘oğlum’, mwanangu, akaniketisha, akanilisha, kisha akauliza kazi yangu. Mjukuu akajibu kuwa mimi ni ‘öğretmen’. Bibi akatikisa kichwa kana kwamba hakuridhika, akasema kwa heshima, ‘Muallim.’

Moyo wangu uliruka. Mwalimu! Dada yangu akanieleza kuwa hilo ni neno la zamani. Mwaka 1928 Uturuki iliacha hati za Kiarabu ikachukua za Kilatini, na mwaka 1932 ikaundwa taasisi ya lugha iliyoongoza kazi ya kuondoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi na kuunda ya Kituruki. ‘Mektep’ ikapisha ‘okul’. ‘Muallim’ ikapisha ‘öğretmen’, neno lililoundwa kutokana na kitenzi cha kufundisha. Nyanya yake hakuhudhuria shule ya kutosha kuyasahau ya kale. “Nilikuwa nikidhani anakosea,” dada yangu akaniambia tulipotoka. “Miaka yote nilikuwa nikimsahihisha.”

Sasa nirudi kwenye karatasi za jikoni, kwa kuwa jibu la nne sijalitaja, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Kijana wa nne alikuwa Mkurdi, wazazi wake wakitoka Diyarbakır, kusini-mashariki mwa Uturuki. Aliandika kuwa Kituruki ni kama sare ya shule. Akatufafanulia: “Ni nadhifu, inanikaa vyema, hata naipenda. Lakini mama yangu alivuliwa nguo zake mwenyewe ili aivae.” Mama huyo alifika shuleni akijua Kikurdi tu, akafundishwa kwa lugha asiyoielewa na kuadhibiwa kwa lugha aliyoielewa. Mwaka 1983 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyopiga marufuku machapisho na matangazo ya Kikurdi. Ilifutwa mwaka 1991. Masomo ya hiari ya Kikurdi katika shule za serikali yalikuja baadaye sana, mwaka 2012. Na bado kijana huyu alikuwa akisomea kukifundisha Kituruki. Nilipomuuliza sababu, alijibu kuwa watoto wa Kikurdi katika darasa la Kituruki nao wanahitaji mwalimu ambaye atajua kwa nini wamenyamaza.

Wenzake hawakubishana naye. Jiko lilikuwa kimya. Nami nilihisi kana kwamba nimeulizwa swali ambalo nimelikimbia kwa miaka.

Sisi wapenzi wa Kiswahili tumezoea kujiona upande wa wadhulumiwa. Tunalalamika, na kwa haki, kuwa Kiingereza kimekalia kiti chetu ofisini, mahakamani na chuoni. Lakini mimi nimezaliwa Ukambani. Lugha ya kwanza kuisikia ni Kikamba. Kiswahili kilinijia shuleni, nikakipenda, kikanisomesha, kikanipeleka hadi Köln. Kilikuwa sare iliyonikaa vyema. Swali ni hili: nilipokuwa mwalimu mwanagenzi, mimi mwenyewe niliwavua wangapi nguo zao?

Jibu lilinijia mjini Duisburg. Dada yangu alikuwa katika mazoezi ya kufundisha, naye aliniombea ruhusa nikae nyuma ya darasa lake. Walikuwa watoto wapatao kumi na watano, wenye umri wa miaka kumi hivi. Alipoanza kukagua kazi ya nyumbani, mvulana mmoja aliinua mkono akasema: “Öğretmenim, Hausaufgabemi unuttum.” Mwalimu wangu, nimeisahau kazi yangu ya nyumbani. Neno la ‘kazi ya nyumbani’ lilikuwa la Kijerumani. Mengine yote ya Kituruki. Watoto wawili watatu wakacheka. Mvulana akainamisha kichwa.

Nilimwona dada yangu akifungua kinywa, kisha akakifumba. Baadaye alikiri kuwa sentensi iliyokuwa ulimini mwake ilikuwa ya mwalimu wake wa zamani: “Sema Kituruki au sema Kijerumani, usiniletee mchanganyiko!” Badala yake aliiandika kauli ya mtoto ubaoni jinsi ilivyo, akawaambia wanafunzi waikate vipande. Wakakata. ‘Hausaufgabe’ ni jina. ‘M’ ni -angu. ‘I’ ni alama ya kitendwa. Akauliza kwa nini ni ‘i’ wala si ‘ı’ au ‘u’. Msichana mmoja akajibu kuwa ni kwa sababu neno linaishia kwa ‘e’. Naam! Mtoto alikuwa ameazima jina la Kijerumani, akalivika kiambishi cha umilikishi cha Kituruki na alama ya kitendwa ya Kituruki, tena akalitii sharti la ulinganifu wa irabu bila kufundishwa. Huyo ndiye anayedaiwa kuwa na nusu ya lugha. Kisha mwalimu akauliza ni nani anayelijua neno la Kituruki la kazi ya nyumbani. “Ödev,” wakajibu. Mvulana akayaandika yote mawili daftarini. Akaambiwa pia ailete kazi hiyo kesho bila kukosa.

Darasa liliendelea, lakini mimi sikuwa tena Duisburg. Nilikuwa katika shule moja ya upili, miaka kadhaa nyuma, nikiwa katika mazoezi yangu ya kufundisha, nimevaa tai na kushika chaki. Mvulana wa kidato cha kwanza alikuwa ameinua mkono katikati ya somo la ngeli. Alisema: “Mwalimu, kiw’u changu kimemwagika.” Kiw’u ni maji kwa Kikamba. Nilisimama, nikamtazama, nikauliza kwa sauti ya dhihaka, “Maji yalianza kuitwa kiw’u lini katika Kiswahili?” Darasa zima likacheka, na miongoni mwa waliocheka walikuwa wengi ambao nyumbani kwao maji huitwa kiw’u. Mkaguzi wangu kutoka chuoni alikuwa ameketi nyuma. Aliniandikia kuwa ninalimudu darasa. Mvulana yule hakuinua mkono tena hadi muhula ulipokwisha.

Msomaji mwenzangu, itazame sentensi ile tena. Kiw’u changu kimemwagika. Katika Kikamba jina hilo huanza kwa ki- na upatanisho wake hufuata. Mtoto aliliazima pamoja na kiambishi chake, akalitia katika ngeli ya KI-VI, akalipatanisha na kivumishi na kitenzi bila dosari. Somo la siku hiyo, ninarudia, lilikuwa ngeli. Mfano bora kuliko yote niliyokuwa nimeandaa uliletwa na mwanafunzi, nami nikaufukuza kwa kicheko.

Tukiwa katika garimoshi la kurudi Köln, nilimsimulia dada yangu kisa hiki. Hakunihukumu. Aliniuliza tu jina la mvulana huyo. Nilinyamaza. Ninakumbuka upatanisho wake wa kisarufi. Jina lake silikumbuki.

Nimeeleza haya si kwa lengo la kudai kuwa hali ya Kituruki nchini Ujerumani ni sawa na ya Kikamba au Kiswahili nchini Kenya. Kituruki kina dola, jeshi na taasisi ya lugha huko kwao. Kinachokosa hadhi ni Kituruki cha mhamiaji. Kikamba hakina dola popote. Kiswahili nacho kimo katikati: Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na papo hapo imeitaka serikali iendeleze na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya. Ibara hiyo haitekelezwi Bungeni peke yake. Huheshimiwa au huvunjwa mtoto anapoinua mkono.

Lililo sawa kotekote ni hili: mtu hazaliwi akiionea haya lugha ya mama yake. Haya hiyo hufunzwa, na mwalimu ni miongoni mwa wanaoifunza kwa ufanisi mkubwa, kwa kuwa huifunza mbele ya mashahidi. Mwalimu mwanagenzi mwenye lugha mbili amekwisha kuonja funzo hilo. Anapoingia darasani anakuwa na njia mbili: kulirithisha jinsi alivyolipokea, au kukifumba kinywa kwa nukta moja, kama alivyofanya dada yangu, kisha aikate sentensi ya mtoto vipande aone kilichomo. Sisemi kuwa tuache kufundisha Kiswahili sanifu. Mvulana wa Duisburg alitoka darasani akilijua neno ‘ödev’. Wangu alitoka akijua kunyamaza.

Siku hizi, kabla wanafunzi wangu hawajaenda kwenye mazoezi ya kufundisha, huwagawia karatasi yenye sentensi mbili: “Kiswahili ni kama … kwa sababu …” na “Lugha ya mama yangu ni kama … kwa sababu …” Mara ya kwanza wengi huandika ‘daraja’ na ‘kitambulisho’. Nawarudishia karatasi. Mara ya pili huchukua muda mrefu, na wapo wanaoniomba waende nayo nyumbani.

Yangu ya pili sijaijaza. Ninachojua ni kwamba kwa Kikamba mwalimu huitwa ‘mumanyisya’, yaani anayemfanya mtu ajue. Mama yangu aliniita hivyo kwa fahari siku niliyofuzu, nami nikamsahihisha. Nilimwambia, “Mama, sema mwalimu.”